Hotuba ya Willie Lynch haikuandikwa mwaka 1712

Ukisikiliza rap ya Marekani utakutana na jina Willie Lynch. Hata Kendrick Lamar alilitaja mwaka 2015. Husimuliwa kwamba bwana huyo alihutubia wamiliki wenzake wa watumwa huko Virginia mwaka 1712, akawafundisha kuwagombanisha watumwa kwa rangi na umri ili watawalike miaka 300. Ndiyo sababu, wengi husema, marapa hutambiana kwa mikufu na magari.

Hotuba hiyo ni ya kughushi. Ilienea miaka ya 1990, na Louis Farrakhan, kiongozi wa kundi la Waislamu weusi wa Marekani la Nation of Islam, aliinukuu jijini Washington mwaka 1995. Lugha yake yenyewe inaiumbua: mna neno la Kiingereza la kujaza mafuta upya. Mwaka 1712, mafuta ya chombo gani?

Ushahidi wa kweli wa jinsi watumwa walivyodhibitiwa hata kwa mavazi upo, tena una uzito zaidi. Sheria ya South Carolina ya mwaka 1740 ilitaja kwa majina vitambaa duni ambavyo mtumwa aliruhusiwa kuvaa, kikiwemo kile kigumu cha osnaburg. Akikutwa na nguo ya thamani zaidi, konstebo aliruhusiwa kuichukua.