Mpangilio wa ndani wa motohomu: anayetoka kwenye karavani aangalie nini

Mpangilio wa ndani ni namna nafasi iliyo nyuma ya kebini, yaani sehemu ya dereva, ya motohomu (gari lenye nyumba ndani yake) ilivyogawanywa: kitanda kimewekwa wapi, meza wapi, jiko wapi, choo na bafu wapi, na abiria wa nyuma wanakaa na kufunga mkanda wapi. Kwenye brosha huchorwa kana kwamba paa limeondolewa na wewe unachungulia kutoka juu. Mchoro huo mdogo unaamua mengi kuliko rangi ya makochi au ukubwa wa televisheni. Magari mawili ya urefu mmoja na bei moja, yote yamejengwa juu ya chesisi ya van ya Fiat Ducato, yanaweza kukupa maisha mawili yasiyofanana hata kidogo.

Huku Uingereza wanaonunua motohomu wengi wametokea kwenye karavani, lile bodi lisilo na injini linalovutwa na gari la kawaida. Wanakuja na mazoea yao, na zoea la kwanza ni kutafuta mpangilio uleule waliouacha. Walikuwa na kitanda cha kudumu nyuma na makochi mawili marefu mbele, basi wanataka hivyo hivyo, ila sasa kuwe na usukani. Matakwa yenyewe si mabaya. Shida ni kwamba karavani na motohomu, hata zikiwa na samani zilezile, hazitumiki kwa namna moja.

Karavani ukifika nayo kambini unaifungua kwenye gari, unashusha miguu yake ya pembeni, unaunganisha umeme na maji, umemaliza. Itakaa pale wiki nzima. Maziwa yakiisha unawasha gari unakwenda dukani, na nyuma umeacha kitanda hakijatandikwa, vikombe vimejaa mezani, taulo zimeanikwa. Kwenye motohomu nyumba yenyewe ndiyo inayokwenda dukani. Uchomoe waya wa umeme, vyombo virudi kabatini, dirisha la paa lifungwe, viti vya mbele vilivyozungushwa kutazama nyuma virudishwe kutazama barabara. Kwa hiyo mpangilio wa motohomu unapimwa katika hali tatu: mchana mnapokaa, usiku mnapolala, na njiani gari likiwa kwenye mwendo. Mwenye karavani alipima mbili tu. Njiani karavani haina mtu ndani, na sheria ya Uingereza hairuhusu abiria kukaa humo ikivutwa.

Hali hiyo ya tatu ndiyo inayowashtua watu. Yale makochi mawili marefu yanayotazamana, yanayopendwa sana na Waingereza, ni mazuri kwa kujinyoosha na kusoma gazeti, lakini yanatazama ubavuni, na kiti kinachotazama ubavuni si mahali pa kumfunga mtoto mkanda safarini. Watengenezaji wengi wa Ujerumani, Italia na Ufaransa hufanya vingine: nyuma ya kebini wanaweka benchi fupi la watu wawili linalotazama mbele, lina mikanda, na meza mbele yake, ukizungusha viti vya dereva na mwenzake mnapata sebule ya watu wanne. Kwa kukaa jioni nzima ni sebule ya kubanana, mgongo umesimama wima kama uko kwenye treni. Kwa kusafiri na wajukuu ni bora zaidi. Mkiwa wawili tu siku zote, sioni sababu ya kubeba viti vya abiria ambao hawapo.

Halafu kuna urefu. Karavani yenye mita 6 za ndani ina mita 6 za nyumba. Motohomu ya mita 7 haina mita 7 za nyumba, kwa kuwa boneti na kebini vimeshachukua mita mbili na kitu. Hizo zinarudishwa kwa sehemu na vile viti vinavyozunguka, lakini kebini haihifadhi joto kama nyumba: kioo kikubwa cha mbele hupitisha baridi, na usiku wa Novemba utaisikia shingoni ukiwa umekaa pale. Ndiyo maana mtu aliyekuwa na karavani ya ukubwa wa kati huingia motohomu ya mita 7 akashangaa mbona imebana.

Tukija kwenye vitanda, hapo ndipo penye mambo.

Kitanda cha kona, ambacho wauzaji hukiita cha Kifaransa, kimebanwa kwenye pembe ya nyuma. Ubavu mmoja uko ukutani, na kona moja ya upande wa miguu imekatwa ili mtu apite kwenda bafuni. Faida yake ni kwamba kinaingia kwenye gari fupi. Hasara yake utaijua saa nane za usiku: anayelala upande wa ukuta akibanwa na haja, ama amruke mwenzake, ama ajiburute hadi miguuni, huko kwenye kona iliyokatwa. Wakiwa vijana hucheka. Wenye miaka 60 na magoti yenye historia hawacheki.

Kitanda cha kisiwa kina njia pande zote mbili, kila mtu anashuka kwake. Kinahitaji gari refu, mara nyingi la mita 7 na zaidi, na hata hivyo baadhi ya watengenezaji wanalazimika kufanya godoro lisukumwe ndani mchana ili njia ipatikane. Ukikiona kwenye maonyesho uliza kimekaa katika hali ya usiku au ya mchana, kwa sababu picha ya brosha huonyesha ile inayopendeza.

Kuna vitanda viwili sambamba, kimoja kila upande kwa urefu wa gari, na ngazi fupi katikati. Mimi ningemshauri mzee aanze kuvitazama hivi, hata kama nyumbani hajawahi kulala mbali na mkewe. Kati ya vitanda kuna ubao na mto wa kuziba pengo, wakitaka kuwa pamoja wanauweka. Angalia tu ngazi ni za hatua ngapi. Vitanda hivi mara nyingi vimeinuliwa juu ili chini kupatikane stoo kubwa ya baiskeli, na kadiri stoo inavyokuwa kubwa ndivyo kitanda kinavyopanda.

Katika magari ya bodi ya van, yale ya mita 5.99 yanayoingia hata kwenye maegesho ya mjini, kitanda hukingamishwa nyuma, kichwa ukuta huu na miguu ukuta ule. Ducato ina upana wa ndani wa kama mita 1.87 kabla ya kuwekewa vifaa vya kuzuia baridi na mbao za ukutani. Mtu mrefu hapo atalala amejikunja, na haisaidii kuambiwa na muuzaji kwamba wengi wamezoea.

Kinabaki kitanda cha kushuka kutoka darini, ambacho mchana kiko juu ya sebule na usiku unabonyeza swichi kinateremka. Huu ni ujanja halisi wa kuokoa mita, maana mita mbili zilezile ni sebule mchana na chumba usiku. Ila mmoja akitaka kulala mapema, mwenzake hana pa kukaa. Na kuna sebule ya nyuma yenye umbo la U, madirisha pande tatu. Ukiegesha kinyumenyume bahari yote ni yako. Wanaotoka kwenye karavani huipenda kwa sababu inawarudishia ile sebule yenye dirisha kubwa waliyoizoea. Bei yake ni kupanga mito kila usiku na kutafuta mahali pa kuficha mashuka na mablanketi kila asubuhi. Anayekaa kambini siku nyingi mahali pamoja hataona tabu. Anayehama kila siku atachoka mapema.

Na kuhama kila siku si jambo la kubuni. Ufaransa na Ujerumani zina maeneo mengi yaliyotengwa kwa motohomu kulala usiku mmoja au miwili, bei ndogo au bure, na kwa kawaida karavani haziruhusiwi humo. Watu wengi hununua motohomu kwa ajili ya hayo. Sasa, kwenye mengi ya maeneo hayo huruhusiwi kutandaza hema la ubavuni wala kupanga viti nje. Katika karavani hema lile lilikuwa chumba cha pili: viatu vya matope, mbwa, jiko la kukaangia samaki, vyote nje. Ukilipoteza hema, sebule ya ndani ndiyo sebule pekee uliyonayo mvua ikinyesha. Ukishajua utasafiri hivi, chagua ukubwa wa pa kukaa kabla ya ukubwa wa kitanda.

Uzito watu huuona kama habari ya fundi, kumbe nao umo ndani ya mpangilio. Aliyefaulu mtihani wa udereva wa gari Uingereza tangu Januari 1, 1997, leseni yake ya kawaida inaishia kwenye motohomu ya kilo 3,500 ikiwa na mzigo wote. Waliofaulu kabla ya hapo wanaruhusiwa hadi kilo 7,500, lakini wakifika miaka 70 haki hiyo inahitaji cheti cha daktari ili iendelee. Ndiyo maana magari mengi yamebanwa kwenye 3,500. Chukua gari la namna hiyo ambalo karatasi zake zinasema lina kilo 3,080 likiwa tayari kwa safari. Zinabaki 420. Dereva ameshahesabiwa kwa kilo 75, mwenzake hajahesabiwa: 345. Hema la ubavuni 30, betri ya ziada 25, paneli ya sola 15, baiskeli mbili za umeme 50: zinabaki 225. Tangi la maji ni la lita 100, lakini baadhi ya watengenezaji huhesabu lita 20 tu katika uzito ule wa karatasi. Ukilijaza umeongeza kilo 80, zinabaki 145. Wakipanda vijana wawili wa kilo 70 kila mmoja, umebakiwa na kilo 5 za nguo, sufuria na unga. Kwenye karavani mzigo uligawanywa, nusu ukabebwa kwenye buti la gari na hukuwahi kuuhisi.

Mahali mzigo ulipo nako kuna maana, na hapa mtu wa karavani ana faida, kwa sababu ameshajifunza kupima uzito unaokandamiza ndoano ya gari. Ile stoo kubwa ya nyuma iliyo chini ya vitanda iko nyuma ya ekseli ya nyuma, wakati mwingine mbali sana. Weka kilo 100 mita 2 nyuma ya ekseli hiyo, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 4, na ekseli ya nyuma itabeba kilo 150, huku ya mbele ikipunguziwa 50. Ducato huvutwa na tairi za mbele. Ukiwa kwenye nyasi zilizolowa kambini na stoo imejaa, utaona tairi za mbele zinazunguka na gari halitoki, na utatafuta trekta la mwenye shamba. Mpangilio wenye sebule nyuma na jiko katikati hauna ugonjwa huu kwa kiasi kile, maana huwezi kupakia kilo 200 kwenye makochi.

Bafu sitalisemea sana. Katika van nyingi choo na bafu ni chumba kimoja. Ukioga umelowesha na choo, na unapangusa kabla ya anayefuata. Katika motohomu za bodi pana unaweza kupata bafu lililotengwa. Ingia, funga mlango, kaa kwenye choo. Kama magoti yanagusa mlango, sasa unajua.

Kipimo kama hicho kifanywe kwa kila kitu. Kwenye maonyesho makubwa, kama yale ya ukumbi wa NEC mjini Birmingham mwezi Februari na Oktoba au ya Düsseldorf, Ujerumani, mwishoni mwa Agosti, watu hupita ndani ya gari dakika mbili wakatoka wakisema limependeza. Nyinyi kaeni nusu saa. Laleni wote wawili, na viatu mvue. Mmoja asimame kwenye sinki kama anayepika chai, mwingine apite kwenda kitandani. Akilazimika kusubiri, hivyo ndivyo mtakavyosubiriana kila asubuhi. Zungusheni viti vya mbele wenyewe, muone vinagonga breki ya mkono au la. Kisha kodini gari la mpangilio mnaoutaka kwa siku chache, na iwe msimu wa mvua, kwa sababu kiangazi kila gari ni pana.

Mlango nao uangaliwe. Magari yaliyobuniwa kwa ajili ya bara la Ulaya mlango wa nyumba huwa upande wa kulia, ambako huko ndiko kwenye ukingo wa barabara. Uingereza watu huendesha kushoto, kwa hiyo mlango huohuo unafunguka kwenye magari yanayopita. Watengenezaji wa Uingereza huuweka kushoto, na wao wakivuka kwenda Ufaransa inakuwa kinyume. Kambini haina maana yoyote. Lakini mwenye wajukuu wadogo, ambaye husimama sana kando ya barabara kunywa chai, alitazame hili kabla hajaanza kubishana kuhusu kitanda.