Kuingiliana kwa antena za kiraka: maana yake na jinsi kunavyopunguzwa

Antena ya kiraka ni kipande bapa cha shaba juu ya ubao wa saketi; upande wa pili wa ubao kuna tabaka la shaba linaloitwa ethi. Kwa kawaida urefu wa kiraka hukaribia nusu ya urefu wa wimbi ndani ya ubao huo.

Kifaa cha MIMO, yaani chenye njia nyingi za kutuma na kupokea, kama ruta ya Wi-Fi, huhitaji antena kadhaa zinazotumia masafa yaleyale kwa wakati mmoja. Zikisongamana, sehemu ya nishati ya antena moja huingia kwa jirani yake badala ya kwenda hewani. Huko ndiko kuingiliana. Nishati hupotea, na ishara zilizotakiwa kuwa tofauti huanza kufanana.

Desturi ni kuzitenganisha kwa nusu ya urefu wa wimbi, kutoka kitovu hadi kitovu. Kwenye gigahezi 2.4 wimbi lina sentimita 12.5, hivyo nusu yake ni sentimita 6.25: karibu upana mzima wa simu ya mkononi. Nafasi hiyo haipo.

Jambo ambalo wanaoanza hulisahau ni kwamba nishati haipiti hewani tu. Hupita pia kama mkondo kwenye ethi ya pamoja, na kama wimbi linalotambaa ndani ya ubao wenyewe. Ubao ukiwa mnene, wimbi hilo hupata nguvu. Ndiyo maana nasisitiza: jua kwanza nishati inapita wapi, ndipo uchague dawa.

Mkondo wa ethi huzuiwa kwa kukata mpasuo katikati ya antena mbili, ingawa mpasuo huo nao huvujisha mawimbi upande wa nyuma. Wimbi la ubaoni huzuiwa kwa safu za vipande vidogo vya shaba, kila kimoja kikiwa na kijiti kinachokiunganisha na ethi, mithili ya shamba la uyoga. Mwaka 2003 Fan Yang na Yahya Rahmat-Samii wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba uyoga huo unaweza kupunguza kuingiliana kwa desibeli 8 hivi. Tatizo ni kwamba uyoga wenyewe unataka nafasi.

Njia inayonivutia zaidi ni kuunganisha antena hizo kwa utepe mwembamba wa shaba. Utepe hupeleka kwa jirani ishara iliyo kinyume cha ile inayovuja, nazo zikikutana hufutana. Hufanya kazi vizuri kwenye masafa finyu tu. Kugeuza antena moja nyuzi 90 pia husaidia, tena bila kuongeza shaba yoyote.

Kipimo cha kuingiliana ni S21, yaani nguvu inayotoka antena moja na kuingia nyingine. Desibeli −10 maana yake sehemu moja ya kumi ya nguvu inamfikia jirani. −20, sehemu moja ya mia. Ukishaweka dawa, pima na S11 ya kila antena, yaani nguvu ambayo antena yenyewe huirudisha ilikotoka, kwa sababu mpasuo au uyoga ulio karibu huweza kuihamisha antena kutoka kwenye masafa yake, na hapo itabidi urefu wa kiraka ukatwe upya.