Kupandisha wanafunzi Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, kwa njia ya Machame: siku saba, si sita

Walimu wanaoleta makundi ya shule Kilimanjaro huuliza bei kwanza, kisha huuliza kama watoto wafanye mazoezi ya kukimbia. Idadi ya siku huja mwisho, na mara nyingi bajeti imeshaiamua: sita. Mimi nashauri kinyume. Punguzeni hoteli ya Moshi, punguzeni fulana za kumbukumbu, lakini siku ya saba iacheni.

Sababu iko kwenye mita za mwinuko, maana mwili unaopandishwa haraka huugua. Lango la Machame liko kama mita 1,800. Usiku wa kwanza mnalala karibu 2,850, wa pili Shira, karibu 3,850. Hiyo ni mita elfu moja kwa siku, wakati kanuni ya kawaida ya tiba ya milimani ni kwamba ukishapita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Siku ya tatu ndiyo inayowaokoa: mnapanda hadi Lava Tower, mnara wa mwamba wa lava, 4,600, mnakula mchana pale, kisha mnashuka kulala Barranco, chini kidogo ya 4,000. Ratiba ya siku sita inatoka Barranco na kuunga hadi kambi ya Barafu, karibu 4,670. Mnafika jioni mmechoka, na saa tano usiku mnaamshwa. Ya siku saba inalala kambi ya Karanga, mwinuko karibu uleule wa Barranco. Barafu mnafika kabla ya saa saba mchana, na watoto wanapata muda wa kula, kulala na kula tena.

Kuhusu mazoezi: anayeanza kuumwa kichwa mara nyingi ni yule mchezaji mpira wa shule, kwa kuwa siku ya kwanza anawaacha wenzake msituni. Mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Mwongozaji mmoja abaki mbele, asipitwe na mtu. Mwingine abaki nyuma kabisa. Kwa wanafunzi napendelea mwongozaji mmoja kwa watoto wanne, na usiku wa kilele mmoja kwa wawili.

Makundi ya jiografia hutaka vipindi njiani. Sawa, ila kipindi kipangwe penye pumzi. Lava Tower panavutia, lakini vichwa vinagonga na hakuna anayesikiliza. Pigeni picha, kuleni, mshuke. Alasiri ya Shira ndiyo nzuri. Mnasimama juu ya mabaki ya volkano kongwe kati ya zile tatu zinazounda Kilimanjaro, ambayo kilele chake kilibomoka kikaacha uwanda, na Kibo iko mbele yenu wazi. Okoteni mawe ya lava muyalinganishe: mengine yana fuwele nyeupe za feldspa zinazoonekana kwa macho, mengine yana matundu yaliyoachwa na gesi. Mkimaliza myarudishe palepale, maana hii ni hifadhi. Karanga alasiri ongeleeni barafu. Kati ya 1912 na 2007 takriban asilimia 85 ya eneo la barafu la mlima huu lilitoweka. Joto peke yake si maelezo kamili: mvua na theluji zimepungua, na jua kali la pale juu huila barafu pembeni, ndiyo maana kingo zake zimesimama wima kama kuta.

Barafu hiyo ina upande wa hatari pia. Kwenye Western Breach, njia ya kupanda Kibo upande wa magharibi, ndiyo inayoshikilia mawe. Ikiyeyuka, mawe yanaachia. Januari 2006 maporomoko ya mawe upande huo yaliua wapandaji watatu wa Kimarekani. Sipeleki wanafunzi kule hata wakiomba.

Jikoni, kumbukeni kwamba Barafu maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 85. Yanatosha kuua vijidudu, lakini maharage hayaivi na wali unabaki na kiini. Maharage yaje yameshachemshwa, au mpishi awe na sufuria ya presha. Asubuhi uji, jioni supu nzito. Mtori unashuka hata kwa mtoto ambaye hamu ya kula imekata. Kila mmoja anywe lita tatu hadi nne kwa siku. Maji ya mwisho ya uhakika yako bonde la Karanga, na wapagazi huyabeba hadi Barafu, kwa hiyo hesabu ya ndoo ifanyike mapema. Mzigo wa mpagazi mwisho ni kilo 20, na unapimwa langoni. Begi la mwanafunzi lisizidi kilo 12.

Chujio la maji la nyuzi likiganda usiku limekufa. Kwa nje linaonekana zima, ila nyuzi za ndani zimepasuka na vijidudu vinapita. Lilale ndani ya begi la kulalia pamoja na betri za tochi.

Nguo si lazima ziwe ghali. Mitumba ya Memorial pale Moshi ina sweta za fulisi na glavu nzuri. Acheni jinzi na fulana za pamba, zikilowa hazikauki. Viatu vya kukodi ndivyo vya kukagua. Kunja kiatu kwa nguvu, kisha bonyeza kwa kidole gumba pale soli inapoungana na ngozi. Ukiona ufa, au gundi inamomonyoka kama unga, kirudishe, kwa sababu soli hiyo itabanduka kwenye changarawe za kushuka. Begi la kulalia liwe la kuhimili nyuzi 10 chini ya sifuri. Barafu vigingi vya hema haviingii mwambani. Funga kamba kwenye mawe makubwa. Vumbi la volkano linakata zipu, lisuguliwe kwa mswaki mkavu. Usitie mafuta, yanalinasa.

Kila jioni watoto waulizwe mmoja mmoja, mbali na wenzao: kichwa, kichefuchefu, usingizi, kukojoa. Oksimita, kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu, inasaidia, ila vidole vya baridi huidanganya. Mpashe mtoto mikono kwanza. Anayeumwa kichwa na kutapika hapandi zaidi. Anayeyumba akitembea kwa kuunganisha kisigino na vidole, au anayehema akiwa amekaa, anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ni uamuzi wa daktari na mzazi kabla ya safari. Mwanafunzi asipewe kidonge cha mwenzake.

Kilele huanza saa sita usiku kwa sababu mbili. Changarawe zimeganda na hazirudishi hatua nyuma, na mchana unabaki kwa kushuka. Kutoka Barafu hadi Stella Point, ukingoni mwa kreta, ni saa sita au saba. Kilele chenyewe, Uhuru, 5,895, ni kama dakika 45 hadi saa moja mbele, barafu ya Rebmann ikiwa kushoto na kreta kulia. Njia haikanyagi barafu yenyewe. Saa ya kugeuka itangazwe mezani Barafu: nasema saa mbili asubuhi, aliye chini ya Stella anageuka. Mpira wa kunywea wa begi la maji huganda mapema. Chupa ibebwe kichwa chini ndani ya koti, kwani maji huanza kuganda juu.

Kushuka hadi kambi ya Mweka, 3,100, ni karibu mita 2,800 kwa siku moja, na hapo magoti na vidole vya miguu ndivyo vinavyolipa. Kucha zikatwe Moshi kabla ya safari. Kamba za viatu zikazwe juu ya kifundo ili mguu usiteleze mbele, na fimbo zirefushwe kidogo.