Mabinti wa Ayubu na urithi unaopita kwa baba

Ayubu alipoinuliwa tena baada ya mateso yake, alijaliwa watoto kumi: wana saba na mabinti watatu. Wale wana saba Biblia haikuwataja jina hata mmoja. Waliotajwa ni mabinti: Yemima, Kesia na Keren-hapuki. Yemima hutafsiriwa njiwa. Kesia ni ganda la mti lenye harufu nzuri, ndugu wa mdalasini. Keren-hapuki ni pembe ya wanja, kile kichupa cha urembo ambacho bibi zetu wa pwani wangekitambua mara moja. Kisha, sura ya 42 mstari wa 15, linakuja jambo zito kuliko majina: baba yao akawapa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume.

Nimesoma historia ya vyama vya udugu vya Marekani kwa miaka mingi, na sijui chama kingine cha wasichana kilichosimama juu ya mstari mmoja kiasi hiki. Kinaitwa Job's Daughters, yaani Mabinti wa Ayubu. Kilianzishwa tarehe 20 Oktoba 1920 mjini Omaha, Nebraska, na mama mmoja, Ethel T. Wead Mick, mke wa daktari. Alikianzisha kwa heshima ya mama yake mzazi, na yeye mwenyewe akawa mlezi mkuu wa kwanza. Mwezi Agosti wa mwaka huohuo, marekebisho ya 19 ya katiba ya Marekani yalikuwa yamewapa wanawake haki ya kupiga kura nchi nzima. Kwangu mimi tarehe hizo mbili zinasomeka pamoja. Mwanamke aliyetoka tu kutambuliwa kuwa mpiga kura anafungua Biblia, na katika kurasa zote anachagua mahali ambapo binti anapewa fungu lake.

Nikikieleza chama hiki kwa wasomaji wa kwetu, swali la kwanza huwa ni lilelile: hawa si Freemason? Nalijibu bila kuzunguka. Ndiyo, wametoka kwenye familia hiyo. Najua jina hilo linavyosikika hapa: damu, utajiri wa ghafla, watu kupotea. Kenya serikali ilifikia hata kuunda tume ya kuchunguza ibada za shetani miaka ya 1990. Lakini Tanzania tulikuwa na Sir Andy Chande, mfanyabiashara aliyefariki mwaka 2017, ambaye alikuwa kiongozi wa Freemason Afrika Mashariki na hakujificha, hata akaandika kumbukumbu za maisha yake kwa jina lake. Freemason ni chama cha wanaume; matawi yake huitwa loji, na loji kuu ya kwanza ya kuyasimamia iliundwa London mwaka 1717. Mwanamke haingii. Marekani, kuanzia miaka ya 1850, wake, mama, dada na mabinti wa wanachama walitengenezewa chama chao, Eastern Star, na Rob Morris. Baada ya vita kuu ya kwanza ikafika zamu ya vijana: DeMolay ya wavulana mwaka 1919 kule Kansas City, Mabinti wa Ayubu mwaka 1920, na Rainbow for Girls mwaka 1922 kule McAlester, Oklahoma, iliyoasisiwa na mchungaji William Mark Sexson.

Tawi la Mabinti wa Ayubu huitwa Betheli. Hapa naomba tukae kidogo, maana watu hutarajia vitisho na kinachoonekana ni utaratibu. Wasichana wa miaka 10 hadi 20 wanaingia ukumbini kwa mwendo uliopangwa, wote wamevaa kanzu nyeupe za mtindo wa Kigiriki, zimefungwa kwa kamba nyeupe. Kanzu zinafanana makusudi, ili asijulikane nani kwao wanacho na nani kwao hawana. Anayeongoza ni mmoja wao, Malkia Mheshimiwa, mwenye taji na joho la zambarau, na kwa kawaida anashika kiti miezi sita tu, kisha anampisha mwenzake. Pembeni yake wanakaa wasaidizi wawili wenye cheo cha binti mfalme. Wajumbe watano wanasimulia kisa cha Ayubu kwa zamu, na wanakisema kwa kichwa, bila karatasi.

Mimi naamini hazina yenyewe iko hapo. Binti wa miaka 15 anafungua kikao, anapokea hoja, anaitisha kura, anasikiliza taarifa ya mweka hazina, na watu wazima walioko ukumbini wanangoja aruhusu. Mwaka 1920 wasichana wachache sana popote duniani walipewa nafasi ya namna hiyo.

Nembo yao ni pembetatu yenye wasichana watatu ndani, mmoja na njiwa, mmoja na chombo cha ubani, mmoja na pembe. Msomaji makini ataona kwamba ni yale majina ya Kiebrania yamechorwa, ila pembe ya wanja imegeuzwa kuwa pembe ya neema iliyojaa mavuno. Nembo hii ilifika hata mahakamani. Kampuni ya usonara iitwayo Lindeburg ilikuwa akiuza vito vyenye alama hiyo bila idhini ya chama, nacho kikaishtaki. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa, moja ya mahakama za rufaa za serikali kuu ya Marekani, iliamua kwamba sonara hakukosea. Binti anayenunua pete ile hanunui kwa sababu anadhani chama ndicho kilichoifua. Ananunua ili aonyeshe yeye ni nani. Uamuzi huo umewasumbua wanasheria wa alama za biashara tangu siku hiyo, na bado wanabishana juu yake.

Sasa nirudi kwenye urithi, maana ndipo penye kidonda. Sharti la kujiunga lilikuwa undugu: lazima uwe na baba, babu, mjomba au jamaa mwingine aliye Freemason. Yaani fungu la binti lilipita kwa mwanamume, na mwanamume yule lazima atoke kwenye loji inayotambuliwa. Wamarekani weusi walikuwa na loji zao tangu Prince Hall na wenzake wa Boston walipopewa hati kutoka London mwaka 1784, lakini loji kuu za wazungu ziliwakana kwa karibu karne mbili. Loji kuu ya jimbo la Connecticut ndiyo iliyofungua njia ya kudumu ya kuwatambua, tena mwaka 1989. Hebu fikiria maana yake kwa binti wa fundi au mwalimu mweusi ambaye baba yake ni Freemason kamili, na cheti kiko ukutani nyumbani. Hakuna aliyehitaji kumwambia kwamba rangi yake haitakiwi. Sharti la undugu lilitosha kumzuia.

Rainbow haikudai undugu huo, rafiki wa mwanachama aliweza kuingia, na ndiyo maana kule ubaguzi ulilazimika kujitokeza hadharani. Mwaka 1976, mjini Indianola, Iowa, wasichana walitaka kumpokea mwenzao wa miaka 12 ambaye mzazi wake mmoja alikuwa mweusi. Uongozi wa juu ukayafukuza matawi yote 136 ya jimbo hilo. Kanuni iliyowazuia weusi haikuwa imeandikwa popote; ilijulikana tu. Baadaye ilipinduliwa kwa kura.

Leo Mabinti wa Ayubu wana matawi Marekani, Kanada, Australia, Ufilipino na Brazil, na mfuko wao wa HIKE huwanunulia watoto viziwi vifaa vya kusaidia kusikia. Lile sharti la undugu nalo limelegezwa: msichana asiye na jamaa Freemason anaweza kudhaminiwa, akavaa kanzu ileile nyeupe na kusubiri zamu yake ya miezi sita.