Je, wajua kwa nini Doshi na Kapadia ni majina ya wauza nguo?

Katika miji ya reli, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, majina ya Kihindi kama Doshi na Kapadia hayamshangazi mtu. Mwenye jina hilo anaweza kuwa daktari wa meno, wakili au mwenye kiwanda. Lakini asili ya majina yote mawili ni kazi moja: kuuza nguo.

Kapadia ndilo rahisi. Kwa Kigujarati, lugha ya Gujarat magharibi mwa India, kitambaa huitwa kapad. Kile kipande cha mwisho, -ia, kinamtaja mwenye shughuli. Mluo atalielewa hili upesi, maana Dholuo nayo hufanya hivyo, ila kwa kutanguliza ja-: jalupo ni mvuvi, japur ni mkulima. Kapadia basi ni mtu wa vitambaa. Neno lenyewe limetokana na karpata la Kisanskriti, ambalo lilitaja kitambaa chenye viraka, tambara hasa. Limepanda cheo njiani.

Doshi lina ubishi wake. Wapo wanaosema limetoka kwa neno la Kiajemi dosh, yaani bega, kwa sababu mchuuzi wa zamani alizunguka vijijini na mtumba wake begani. Hadithi hii inaingia akilini haraka, hasa kwa mtu aliyewahi kupita soko la Kibuye mjini Kisumu siku ya Jumapili akapishana na vijana waliojitundika suruali mabegani. Wataalamu wa lugha hawaikubali. Wao hulirudisha jina kwenye dushya, neno la Kisanskriti la kitambaa, na dosiya, ambalo katika lugha za kale za India lilikuwa muuza nguo. Mimi nawaunga mkono. Neno hilo lilikuwa na maana ya muuza nguo tayari, kwa hiyo hakuna haja ya kwenda kuazima bega Uajemi.

Na jina si la juzi. Wajaini, wafuasi wa moja ya dini za kale za India, wanamkumbuka Karma Shah, mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Chittor aliyeitwa Doshi, kwa kuyakarabati mahekalu ya mlima wao mtakatifu wa Shatrunjaya, Gujarat, mwaka 1531. Wanasimulia kwamba aliwahi kumuuzia vitambaa na kumkopesha fedha mwanamfalme mmoja aliyekuwa mbali na kwao, ambaye baadaye alitawala Gujarat kama Sultani Bahadur Shah. Deni likalipwa kwa ruhusa ya ujenzi.

Hata hivyo, zamani huko Gujarat wengi walijulikana kwa jina lao na la baba tu, na kazi ikiongezwa pale ilipohitajika kumtofautisha mtu na mwenzake. Waingereza walipoitawala India, shule, mahakama na madaftari ya serikali yalitaka kila mtu awe na jina la ukoo, na kwa wengi kazi ndiyo iliyoandikwa. Ndipo tukapata Rangwala, mtu wa rangi, na Zaveri, muuza vito, jina lenye undugu na johari yetu. Jina likishaandikwa halibadiliki hata kazi ikibadilika. Gandhi ni muuza manukato na viungo, lakini baba na babu yake Mahatma Gandhi walikuwa mawaziri wakuu wa Porbandar, dola ndogo ya Gujarat. Balkrishna Doshi, aliyepata tuzo ya usanifu ya Pritzker mwaka 2018, alikuwa msanifu majengo, na ukoo wake ulitengeneza samani.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, wenye maduka kutoka Gujarat na Kutch walikuja nayo. Allidina Visram, tajiri wa Kikutch, alifungua matawi hadi huku ziwani na Uganda. Rafu za duka la wakati huo zilibeba chumvi, sukari na shanga, lakini nguo ndizo zilizovuta watu: kaniki nyeusi, mablanketi, na merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyopewa jina la Marekani kwa kuwa viwanda vya huko ndivyo vilivyoileta Unguja kwanza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikausha biashara hiyo, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua nafasi. Jina merikani likabaki hata kitambaa kilipotoka India.

Nje ya duka, barazani, alikaa fundi na cherehani yake. Mteja alinunua yadi kadhaa ndani, akapimwa pale pale nje.

Wanunuzi nao hawakukosa jina. Waluo waliokuwa bado wakivaa ngozi waliwaita watu wa pwani, na baadaye wenzao waliovaa nguo za dukani na kwenda misheni, jonanga. Nanga ni kitambaa, na jo- ni wingi wa ile ja- ya mvuvi na mkulima.