Dingi na farumi yake: elimu ya mashua ndogo kwa watumiaji wa bandari ya Tanga

Kijana wa mjini akisikia neno "dingi", la kwanza linalomjia ni baba yake. Baharini neno hilo lina kazi nyingine. Dingi ni mashua ndogo ya wazi, mara nyingi kati ya futi 7 na futi 14, inayopigwa makasia, kufungwa injini ya kupachika au kutwekwa tanga. Neno limetoka India, kwa wavushaji wa mitoni, Waingereza wakalichukua na kulisambaza bandarini kote. Chombo chenyewe si kigeni kwetu: kihori kinachoburutwa nyuma ya jahazi, kile kinachomleta nahodha nchi kavu maji yakiwa yamekupwa, ndicho dingi ya jahazi.

Jambo la kwanza kulielewa ni uzito. Jahazi lina farumi, mawe au mchanga uliowekwa chini kabisa ili chombo kisilale. Dingi haina. Dingi ya faiba ya futi 10 ina kilo 60 hivi, na watu wazima wawili waliokaa ndani yake wana kilo 140. Abiria ni wazito mara mbili kuliko chombo kilichowabeba. Kwa hiyo farumi ya dingi ni nyinyi mliomo, na farumi hiyo husimama, hugeuka kumwangalia samaki na huinama wote upande mmoja kupokea ndoo. Dingi nyingi hupinduka bandarini, maji yakiwa shwari, hatua chache kutoka gatini, kwa sababu mtu alisimama.

Ndiyo maana namna ya kupanda ina utaratibu wake. Usiruke kutoka gatini. Shuka ukiwa umeinama, mkono mmoja umeshika ukingo, mguu wa kwanza ukanyage katikati kabisa, kisha kaa kabla mwingine hajashuka. Mzito akae kwenye ubao wa kati. Mizigo iwe chini sakafuni, siyo juu ya viti. Gunia la mkaa la kilo 50 likilala sakafuni huisaidia dingi kutulia, lakini likiwekwa juu ya kiti huipindua kwa wimbi dogo tu la boti inayopita. Kushuka ni kinyume chake: mmoja mmoja, na wa mwisho awe aliyeshika kamba.

Watu wangapi wapande? Ipo hesabu inayotumiwa na walinzi wa pwani wa Marekani kwa boti zisizofika futi 20, na inafaa hata kwetu ambako fundi wa mashua hupima kwa futi. Chukua urefu kwa futi, zidisha kwa upana, gawanya kwa 15. Dingi ya futi 10 kwa futi 4 na nusu inatoa 45. Ukigawanya kwa 15 unapata watu 3. Hesabu hiyo inachukulia mtu mmoja kuwa na kilo 68 na bahari kuwa shwari. Kukiwa na mawimbi, au mkiwa na tangi la mafuta na maboksi ya barafu, punguza mtu. Kipimo cha macho nacho kipo: tazama umbali kati ya maji na ukingo wa mashua. Ukiona haufiki shubiri moja, mmeshazidi, hata kama hesabu inaruhusu.

Kwa umbile, dingi ziko za aina tatu kuu. Ya mbao au faiba ngumu hupigwa makasia vizuri, huvumilia miamba kiasi na fundi yeyote wa pwani anaweza kuitengeneza. Ya mpira wa kujaza upepo hubeba mzigo mkubwa kwa uzito wake na haipinduki upesi, lakini ni vigumu kuipiga makasia kukiwa na upepo, na chaza na matumbawe ni adui zake. Ya tatu ni ya tanga, tutaifikia.

Mwenye boti ya mpira mkoani Tanga ana mgeni mmoja asiyetajwa sana kwenye vitabu vya maelekezo, nalo ni jua. Maboya ya pembeni ya boti hizi hujazwa kiasi cha baa (kipimo cha presha) 0.2 hadi 0.25. Ukiyajaza hadi 0.25 alfajiri kukiwa na nyuzi 25, kisha ukaiacha boti mchangani hadi hewa ya ndani ifike nyuzi 50, presha hupanda kuelekea 0.35, na gundi ya maungio ndiyo inayobeba tofauti hiyo. Jioni ukiiteremsha majini hewa hupoa, boti hulegea, na mwenyewe huanza kutafuta tundu lisilokuwepo. Punguza upepo kidogo boti inapoanikwa, ongeza ikiwa majini, na ifunike kwa turubai. Kiraka nacho kina masharti: boti ya PVC (plastiki) inataka gundi ya PVC, ya Hypalon (aina ya mpira) inataka gundi yake. Ukichanganya, kiraka kitashika siku mbili.

Injini

Kwa dingi ya futi 10 ya faiba, injini ya nguvu farasi 2.5 hadi 5 inatosha. Wengi hutaka 15 kwa kuwa ndizo zinazopatikana na vipuri vyake viko kila duka, lakini injini ya 15 ina uzito unaokaribia kilo 40, wote ukining'inia tezi, yaani nyuma ya mashua. Dingi nyepesi yenye mtu mmoja aliyekaa tezi, ikiongezwa mwendo ghafla dhidi ya upepo, huinua omo (mbele yake) juu, upepo huingia chini yake, na boti humgeukia dereva kama mkeka. Dawa yake ni kusogeza tangi la mafuta mbele, kuongeza mwendo pole pole, na kutokwenda peke yako na mashine kubwa.

Injini za mipigo miwili huchanganyiwa oili. Kiwango cha kawaida baada ya injini kuzoea ni sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli: mililita 20 kwa kila lita, au nusu lita ya oili kwa tangi la lita 25. Soma kitabu cha injini yako, maana zipo zinazotaka tofauti. Oili ikipungua pistoni hung'ata, na ikizidi plagi huchafuka ikakuachia katikati ya mkondo.

Injini ikizima dakika tano baada ya kuondoka, usikimbilie kufungua plagi. Angalia kwanza skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi. Ikiwa imefungwa, petroli inatoka lakini hewa haiingii, tangi linajibana, injini inakosa mafuta. Kisha angalia mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya injini. Usipouona, maji ya kupoza hayapandi. Zima mara moja, kwa kuwa mara nyingi ni mfuko wa plastiki au tope lililoziba njia.

Kamba nyekundu yenye kibanio inayokuja na injini ni ya kuizimia injini hiyo. Ncha moja hukaa kwenye swichi, nyingine kwenye kifundo cha mkono au mguu wa dereva. Dereva akianguka, injini inazimika. Bila kamba hiyo dingi huendelea, usukani hujipinda wenyewe, boti huzunguka duara na kurudi pale pale alipo mtu majini, na rafadha, panga la injini, mbele yake. Kamba hiyo ikifungwa kwenye mpini wa injini "isipotee", haina kazi tena.

Kamba ya omo nayo ipimwe: iwe fupi kiasi kwamba ikidondoka majini haifiki kwenye rafadha. Kamba za plastiki zinazoelea ni bora hapa kuliko nailoni, ambayo huzama na kufuata mkondo moja kwa moja hadi kwenye injini. Lakini ukiiburuta dingi nyuma ya chombo kikubwa, nailoni ndiyo bora, kwa sababu inanyumbuka. Inua injini au itoe kabisa, ondoa kila kilicholegea, na urefushe kamba hadi dingi ikae kwenye mgongo wa wimbi la pili. Ikikaa kwenye mteremko itakuwa inakimbia na kugonga shetri, nyuma ya chombo kinachoivuta.

Dingi ya tanga

Hapa ndipo watoto hujifunzia bahari duniani kote. Optimist, iliyobuniwa na Clark Mills huko Florida mwaka 1947, ina urefu wa mita 2.36 na gamba (mwili wa mashua) la kilo 35, na mtoto wa miaka minane anaiendesha peke yake. Ina mlingoti, usukani na kana (mpini) yake, demani, yaani kamba ya kuvutia tanga, na ubao unaochomekwa katikati ushuke majini. Ubao huo ndio unaoizuia dingi isisukumwe kando, na ndio unaoiwezesha kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo. Hakuna dingi inayokwenda upepo usoni moja kwa moja. Inakwenda kwa nyuzi 45 hivi upande mmoja, inageuka, kisha upande wa pili. Atakayesahau kushusha ubao atashangaa omo ikielekea Ras Kazone huku mashua yenyewe ikirudi eneo la Deep Sea kinyumenyume.

Kupinduka kwa dingi ya tanga ni sehemu ya somo. La kwanza, hesabu watu na uhakikishe hakuna aliye chini ya tanga. La pili, legeza demani kabisa, kwani tanga likishika maji au upepo hamtaliinua. Kisha mmoja aogelee hadi upande wa chini ya mashua, aushike ule ubao wa kati na kuukanyaga karibu na gamba, siyo nchani, maana huvunjika. Uzito wake utauinua mlingoti taratibu. Omo ielekee upepo, la sivyo mashua ikisimama itaanguka upande wa pili juu yake. Pandeni kwa shetri, halafu upo, chombo cha kukumbia maji, ufanye kazi yake. Ikikataa kuinuka, kaeni juu yake mkiwa na jaketi okozi mwilini. Msiogelee kwenda pwani. Kisiwa cha Toten kinaonekana karibu ukiwa umekaa, lakini maji ya bamvua (maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu) yanapotoka ghubani hayampi mwogeleaji nafasi, na kichwa cha mtu majini hakionekani kama gamba la mashua lililopinduka.

Maji na nanga

Bamvua la Tanga hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, na kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa mwenye dingi hesabu hiyo ina maana mbili. Aliyeifunga gatini kwa kamba fupi wakati maji yamejaa ataikuta inaning'inia. Na aliyetia nanga maji yakiwa mita 2 lazima ahesabu mita 5 zitakazokuwepo saa sita baadaye. Kamba ya nanga iwe mara tano ya kina cha maji kujaa: mita 25, siyo 10. Nanga ya nondo ya kilo 3 au 4 inafaa, ikiwa na mita 2 za mnyororo kuifanya ilale.

Kabla ya kuondoka tazama utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, hasa miezi ya kusi, ambapo asubuhi ya umande mtulivu hugeuka mchana ikawa mawimbi yenye vilele vyeupe. Ukaguzi na usajili wa vyombo vidogo Tanzania Bara uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Ndani ya dingi kuwe na jaketi kwa kila mtu, makasia mawili hata kama kuna injini (ya futi 7 kwa mashua ya upana wa futi 4), upo uliofungwa kwa kamba, nanga, filimbi na tochi. Na kizibo cha tundu la shetri, kikiwa mahali pake. Kifungie uzi.

Ukirudi, endesha injini kwenye maji yasiyo na chumvi kwa dakika tano hadi kumi ili chumvi itoke. Dingi ya mbao iliyokaa juani wiki kadhaa itavuja siku ya kwanza hata kama kalafati (pamba ya kuzibia nyufa za mbao) ni mpya, kwa sababu mbao zimekauka zikaachana. Usiipakie. Iache kwenye maji ya kina kifupi usiku mmoja, imejaa maji nusu, mbao zinywe na kubanana. Asubuhi itoe maji, kisha utazame wapi bado panatiririka. Hapo ndipo pa kumwonyesha fundi.