Je, wajua kwa nini mtihani wa jeshi la Marekani humzidishia ugumu anayejua?

Mkenya aliyepata kadi ya kijani, kile kibali cha kuishi Marekani daima, anaruhusiwa kujiunga na jeshi la huko hata kabla hajawa raia. Kwanza lakini afanye mtihani uitwao ASVAB, unaopima hesabu, msamiati, ufahamu, umeme, magari na mengineyo. Ulianza mwaka 1968, na tangu 1976 majeshi yao yote huutumia kuandikisha watu na kuamua nani afae kazi gani.

Mpwa wangu anajiandaa nao hapa Umoja, na ushauri wa kwanza aliupata kwangu. Nilimpa ule niliopewa na walimu wangu: pitia karatasi yote, anza na maswali rahisi, magumu yaruke utayarudia, na dakika zikiisha usiache pengo, paka penseli popote. Katika KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, hesabu ikiwa maswali 50 na kila swali majibu manne, ushauri huo ulikuwa sahihi kabisa. Aliyebahatisha hakukatwa alama.

Kwenye ASVAB ya kompyuta, ambayo ndiyo hufanywa na wengi wanaoandikishwa, nilikuwa nimempoteza kijana. Hawezi kupitia karatasi yote kwa kuwa hakuna karatasi: swali la pili huchaguliwa baada ya kujibu la kwanza. Hawezi kuruka. Akishathibitisha jibu, hawezi kulirudia. Hata kule kubahatisha kwa dakika za mwisho, nilikokuona hakuna hasara, kunamdhuru. Waandaaji wa mtihani wenyewe wanaonya kwamba majibu kadhaa mabaya yakifuatana mwishoni hushusha alama sana, na kwamba ni heri kusoma swali na kulijibu kwa haki. Yanayobaki bila kujibiwa nayo yana adhabu yake: huhesabiwa kama kwamba yamebahatishwa.

Kwa nini mtihani ujengwe hivi? Fikiria mizani ya mawe, ile ya sahani mbili. Muuzaji hajui uzito wa maharagwe uliyomletea. Anaweka jiwe la kilo mbili. Likizama, analiondoa na kuweka la kilo moja. Maharagwe yakilizidi, anaongeza la nusu, kisha la robo, mpaka sahani zitulie. Hahesabu maharagwe yameshinda mawe mangapi. Anatafuta mahali pa kutulia, na jiwe la kilo kumi halimsaidii chochote mbele ya kiganja cha maharagwe, kwa sababu jibu lake linajulikana kabla halijawekwa.

Maswali ni hayo mawe. La kwanza huwa la wastani. Ukilipata, linalofuata ni gumu zaidi. Ukilikosa, ni jepesi zaidi. Swali linalofundisha kompyuta mengi kukuhusu ni lile ambalo una nafasi karibu sawa ya kulipata na kulikosa. Ndiyo maana hata mwerevu sana hukosa mengi, na ndiyo maana nadhani wengi hutoka wakiamini wameanguka. Kumbuka kuruka juu kwenye michezo ya shule: ufito hupandishwa kila unapoupita, na hata bingwa humaliza siku yake kwa kuuangusha. Hatumpimi kwa mara alizoangusha. Tunauliza aliuangushia wapi.

Nalipenda sana jambo hili: kipimo kinachopata ukweli wako palepale unapoanza kushindwa. Tena kinaupata upesi. Mtihani wa karatasi una maswali 30 ya mafumbo ya hesabu. Wa kompyuta hutosheka na karibu nusu yake.

Mfano wa mizani una mipaka, hata hivyo. Jiwe halibahatishi, lakini mtu mwenye majibu manne mbele yake anaweza kupata kwa bahati, na hesabu ya alama huzingatia hilo. Pia kompyuta haichagui kila mara swali linalofaa kuliko yote, kwani maswali yaleyale yangejitokeza kwa kila mtu na kuvuja. Kwa hiyo usikae kujiuliza kama swali lililokuja ni jepesi kuliko lililopita. Huwezi kujua kwa hakika, na muda unakwenda.

Toleo la karatasi bado lipo, na huko ushauri wangu wa zamani unafaa wote, hata ule wa kutoacha pengo. Anayejiandaa aulize mapema atafanya lipi.

Mpwa wangu sasa hufanya mafumbo kumi na matano kwa mkupuo mmoja. Kila akijibu swali hulifunika kwa daftari, asiweze kulirudia.